Neno Lililotaka Kunipokonya Shamba la Mama

Shamba la mama pale Usevya lilikaa bila jembe tangu alipougua, na tulipomzika lilikuwa pori kabisa. Vichaka vilinipita kimo. Kamati ya ardhi ya kijiji ikanipa muda hadi mvua zianze: ikionekana silitumii, atapewa mwingine. Trekta sikuwa na uwezo nalo, na kuchoma nikagoma, maana moto ungerukia kwa jirani.

Nikamwomba shemeji yangu, Msukuma mwenye mifugo, aniazime mbuzi na kondoo. Mbuzi walishambulia vichaka kwa ile tamaa yao isiyo na haya, kondoo wakafuata nyasi. Kila kona ilipojaa samadi, tulihamisha boma la miiba walimolala kwenda kona nyingine. Nilinuka beberu hata kanisani, na nilijivunia.

Kamati ilikuja mapema kuliko nilivyotegemea. Mwenyekiti akawatazama wanyama, akaniuliza, "Unafanya nini hapa, dada?"

"Nachunga," nikasema.

Shemeji akafumba macho. Hapo ndipo nilipong'amua nilichotamka. Kwetu wakulima na wafugaji hawaivi chungu kimoja. Mahali pa kuchungia ni malisho, na malisho ni ya kijiji kizima.

"Basi hili si shamba," mjumbe mmoja akadakia. "Nyie wenyewe mmeshalifanya malisho."

Hofu ilinishika, kisha hasira, na hasira yangu haijui vyeo. Nikamkamata mwenyekiti mkono, nikamvuta hadi pale boma lilipokuwa mwanzo. "Chota udongo, mwenyekiti. Chota! Hawa mbuzi ndio jembe langu. Mkiliita malisho, mtakuwa mmemzika mama mara ya pili."

Wajumbe wakaguna. Shemeji akaninong'oneza nimwachie mheshimiwa mkono wake. Sikumwachia. Mwenyekiti akainama taratibu, akachota kwa ule mkono uliobaki huru, akaufikicha udongo mweusi uliochanganyika na samadi, akaunusa.

"Utapanda nini hapa?" akaniuliza.

Hakuna anayeulizwa hivyo kwenye malisho. Nilitaka kumjibu mahindi, nikaangua kilio mbele ya kamati nzima.