Kopo la Funguo za Watu

Fundi kufuli wa mtaa ule alikuwa na vidole vya ajabu. Kufuli iliyonuna miaka kumi aliitekenya kidogo tu, ikacheka. Sasa uzee ulikuwa umemchota akili. Asubuhi bintiye alikuwa binti, mchana alikuwa shangazi.

Siku hiyo binti alitafuta unga, akakuta kopo limejaa funguo, kila mmoja umefungwa uzi wa rangi yake.

"Baba, hizi za nani?"

"Za mtaa. Kila kufuli niliyotia, nilibaki na ufunguo wake. Hata mama yako hakujua, na alivyokuwa na masikio."

Binti alilivuta kopo kwake. Mwaka ule nyumba tatu zilikuwa zimeibiwa, na hakuna mlango uliovunjwa. Watu wakijua, nani atamsikiliza mzee anayesahau hata chai iliyo mkononi? Alishika mkasi, akakata nyuzi zote ili funguo zisijulikane ni za nani, akainuka kwenda kuzitupa chooni.

Hakufika. Jirani yao mshonaji alikuwa akipiga kelele uani: mlango wake wa chuma umejifunga, mtoto yuko ndani, jiko linawaka. Madirisha yana nondo. Wanaume walikuwa wakiponda kitasa kwa mawe, na moshi umeshaanza kutoka chini ya mlango.

Angenyamaza, asingejulikana. Binti alisimama na kopo kifuani. Kisha akarudi ndani, akazimwaga funguo mapajani mwa baba yake.

"Wa mshonaji, baba. Haraka."

"Nyuzi ziko wapi?"

"Nimezikata. Niliogopa."

Mzee alifumba macho, akapapasa meno ya funguo moja moja.

"Kabla yako nilikuwa na mtoto wa kiume," alisema. "Nilimfungia ndani nikaenda kazini. Moto ukawaka, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, mbali." Vidole vikasimama. "Huu hapa."

Binti alikimbia. Mlango ulifunguka, mtoto akatoka akikohoa. Ndipo macho yote uani yakageukia ufunguo.

"Ufunguo wangu umeupata wapi?" mshonaji aliuliza.

Nyuma yao kopo lililia kacha kacha. Mzee alikuwa amefika, anatweta.

"Jipangeni," alisema, kama enzi za kazi. "Kila mtu achukue wake."

Mshonaji alimkumbatia mtoto, akausukuma nyuma mkono wa binti wenye ufunguo.

"Wangu kaeni nao."

Wengine walilitazama kopo. Mmoja alikuwa bado hajalitua jiwe lake.