Mfungo wa Tarehe Tisa Septemba

Tarehe 9 Septemba 2021, Bibiane Feza, mtunza wazee mwenye miaka 55, alishinda amefunga nyumbani kwake Fairfield, Sydney. Ukoo wake hufunga siku hiyo kila mwaka kwa shukrani: mwaka 1909, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, wamisionari walimkomboa bibi yake, Perpétue, kwa doti mbili za kaniki. Alikuwa na miaka saba hivi.

Bibiane pia ni mmoja wa Wakongo watano wa Sydney wanaokusanya majina ya watoto walionunuliwa miaka ile. Wanalitaka shirika la wamisionari hao likiri kwamba watoto hawakuachwa huru, walilimishwa mashamba ya misheni mpaka siku ya kuozwa. Orodha ilikuwa inatumwa kesho yake. Perpétue hakuwamo.

“Da Bibiane, unatuchelewesha kuliko treni za wikendi,” Symphorien, mwenye kupanga orodha, alimwambia kwa simu. “Bibi yako alinunuliwa ao hakununuliwa?”

“Alinunuliwa. Lakini sisi tunashukuru.”

“Munamushukuru nani?”

Vizuizi vya korona havikumruhusu Bibiane kwenda mtaa wa Minto kwa mama yake, Anésie, kwa hiyo alimpigia kumwomba ruhusa ya kuliandika jina. Akamsikia anatafuna.

“Mama, unakula? Leo?”

“Niko na sukari, miye. Munganga alikataza nisifunge. Umekuwa polisi?”

Bibiane akaeleza shida yake. Anésie aliacha kutafuna.

“Bibi yako hakufunga juu ya shukrani,” alisema. “Mwaka ule ilikuwa njaa. Mama yake mwenyewe ndiye alimuacha kwa mapadri, akabeba kaniki aende kutafuta unga. Alimuambia: usile, narudi tule pamoja. Hakurudi. Kila mwaka, siku ile, bibi yako alikuwa anamungoja bila kula. Mapadri ndio waliita shukrani, na sisi tukafuata.”

“Kwa nini hukutuambia?”

“Ningewaambia nini? Kama mama yake alimuuza?”

Bibiane anasema hakujua amkasirikie nani. Fomu aliyopewa na Symphorien ya kujazia kila jina ina mahali pa mnunuzi na mahali pa muuzaji. Pa kwanza alipajaza upesi. Pa pili aliandika, akafuta, akaandika tena, akafuta.

Jioni hiyo alimtumia Symphorien jina la Perpétue. Mahali pa muuzaji alipaacha wazi.