Kuku kwenye Fotei ya Baba

Baba yangu hajui kunong'ona. Alikuwa kapita, msimamizi wa wapakiaji mizigo bandarini Kalundu, na miaka yote ile ya kushindana na injini za meli ilimwachia sauti moja tu, ya kumwambia mtu aliye mbali ashike kamba. Kwa sauti hiyohiyo anaomba chumvi mezani. Kwa sauti hiyohiyo anasali, na nadhani Mungu akisikia mtaa wetu wa Mulongwe umeanza, husogea kidogo.

Sauti hiyo ndiyo iliyomfukuza mchumba wa kwanza wa dada yangu. Wakwe walikuwa wameshakaa kwenye salon, sebule yetu, wameshasifu vitambaa vya Mama, na mazungumzo ya ng'ombe wa mahari yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka mmoja wao akauliza: ng'ombe mwenye ndama anayenyonya, ahesabiwe mmoja au wawili? Baba akajibu. Hakutukana, naapa. Alijibu tu, lakini alijibu kana kwamba wageni walikuwa bado ng'ambo ya ziwa. Wazee wale wakaangaliana, wakachukua kofia zao, wakaondoka kabla kuku hajaiva. Mimi na dada tulikuwa tumesimama nyuma ya rido, yaani pazia, ya mlango wa chumba, ile iliyorudi fupi baada ya kufuliwa, tukisikiliza kama wasichana wote wanavyosikiliza. Dada alikwenda jikoni akalia, kuku wa wageni alipoiva akala paja, akalia tena. Mchumba hakurudi.

Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba familia nyingine, wakulima wa mpunga wa Bwegera, wanakuja kuposa, nyumba nzima iliingiwa na ubaridi. Mchumba huyu wa pili dada alimpenda kweli. Alikuwa ameacha hata kumcheka, na yeye humcheka kila mtu.

"Mama," alisema, "Papa akiongea tena vile, minye nitazeekea mu hii nyumba."

Mama alikuwa anachambua ndagala. Aliendelea kutupa vichwa pembeni.

Asubuhi moja, wiki ya ugeni, tukamkuta kuku wa Mama, yule mwekundu mwenye roho mbaya, ameketi kwenye fotei ya Baba, kiti chake cha mito. Fotei hiyo ina shimo katikati, Baba amelichimba mwenyewe kwa makalio yake tangu siku za bandari, na mayai yalikuwa yamejaa humo kama yaliyopimwa. Kuku wa watu wengine hutaga yai leo, jingine kesho. Huyu wetu alikuwa ametaga kikapu kizima kati ya chai na misa. Pembeni ya mayai kulikuwa na kipande cha makaa na msumari wenye kutu, vya kuzuia radi. Hakuna aliyeuliza kuku amevitoa wapi.

Baba akaja, akaona, akavuta pumzi ya bandarini. Mama akamwekea mkono kifuani.

"Polepole, Papa. Kelele inauaka batoto mu mayai."

"Iko fotei yangu."

"Najua. Ukipiga kelele yote itaoza, na weye njo utakalia ile harufu."

Baba akaenda kukaa kwenye benchi. Kuanzia siku ile tulimsikia anajifunza kunong'ona, na ilikuwa kazi, koo lake liliwaka na kuzimika kama pikipiki iliyoingiwa na maji. Akisahau, yule mwekundu alitutumua manyoya na kumkazia jicho moja. Akipita karibu sana alidonolewa. Mzee ambaye hakuwahi kumpisha njia mtu yeyote, hata padri, sasa alizunguka nyuma ya meza kwenda kuchukua redio yake mwenyewe.

Wageni walifika kwa pikipiki, na gunia la mchele limefungwa nyuma. Wenye pikipiki wakaanza kunguruma mlangoni kama desturi yao, Mama akatoka mbio.

"Muzime moto, bababa. Ndani kuna mama iko anangojea batoto."

Wakazima, wakasukuma pikipiki zao kwa mikono mpaka barabarani, taratibu, na mmoja akamtakia mzazi nguvu za Bwana. Mama akaitikia amina bila kupepesa macho.

Shida ya pili ilikuwa chakula. Mkwe hapaswi kuondoka bila kuku, na kuku wetu pekee alikuwa ndiye mwenyekiti wa kikao. Mama akapika mikeke, samaki wakubwa wa ziwani, akawapanga kwenye sahani vichwa vikiwaelekea wageni, akaomba msamaha kwa niaba ya aliyekuwa kwenye fotei. Msemaji wao, mzee mrefu mwenye kofia ya kahawia, alikuwa ameonyeshwa kiti cha heshima na kukuta kina mtu. Sisi tulikuwa nyuma ya rido ileile. Mzee akamtazama kuku, kuku akamtazama mzee. Akavua kofia.

"Kwetu pia hatusumbuake mama wa batoto," alinong'ona, akaketi kwenye benchi kando ya Baba.

Basi wakaposa kwa minong'ono. Wazee wazima, na makoti yao, wameinamiana kama wanafunzi wanaoibiana majibu. Majirani waliokuja kusikiliza dirishani hawakuambulia kitu, wakakasirika, na mmoja akaenda kutangaza kwamba kwetu kuna msiba. Mama mmoja akaja na kitenge cha matanga kiunoni. Akapewa chai, akakaa.

Kisha likaja lile la ndama. Sijui kwa nini lazima lije, lakini huja. Mzee mrefu alinong'ona: mwenye ndama, mmoja au wawili? Dada alinishika mkono na kucha zake zikaingia. Nilimwona Baba anajaza kifua, mishipa ya shingo inasimama. Akatazama upande wetu. Akamtazama kuku. Kifua kikashuka polepole.

"Ndama inafuataka mama yake," alinong'ona. "Hatutaihesabia."

Ikaisha hapo. Hata sala ya kufunga ilinong'onwa, na ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kusikia katika nyumba ile. Dada aliketi sakafuni akacheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka.

Mayai yalitotoa, isipokuwa mawili matatu viza, na Baba akarudishiwa fotei yake ikiwa na doa ambalo hakuna sabuni iliyoliweza. Dada aliolewa, yuko Bwegera, analalamika juu ya mbu na amenenepa.

Masika ya mwaka huu yule mwekundu ameatamia tena, safari hii jikoni. Juzi Baba alikuwa anasikiliza mpira kwenye redio na kumgombeza golikipa kwa sauti ya Kalundu. Nikamwambia, "Papa, polepole, kuku iko inalalia."

"Na weye pia uliamini ile?" alisema. "Ku bandari kuku zilikuwa zinalalia mu depo, karibu na sirene ya bato ya mizigo. Bato inalia, ukuta unatetemeka, na zote zinatotoa. Kelele haijaua kifaranga hata moja."

"Sasa ile siku ya bakwe, juu ya nini ulinong'ona?"

Alipunguza redio. Sikumbuki kumwona akiipunguza siku nyingine yoyote.

"Ile rido ni mufupi," alisema. "Nilikuwa naona miguu yenu. Ile mara ya kwanza nilijibu tu juu ya ndama, nikaona miguu ya dada yako inatoka."

Niligeuka nikaitazama ile rido. Baba akapandisha tena redio, akamrudia golikipa wake, na jikoni kuku hakugeuza hata shingo.