Bimkubwa Apotea Daftarini

Waliorudi Kismayo kutoka kambi za Kenya walipewa viwanja kwa kura, na kura haijui jirani. Wao walitaka kukaa kama walivyokaa kisiwani kwao Chovae, mlango kwa mlango. Kwa hiyo Sabah, mtunza daftari la viwanja katika kompyuta ya kamati, alishinda akiwabadilishia: jina hili alifute hapa, aliandike pale.

Alizaliwa kambini, akasomea kompyuta Mombasa. Hakukiona kisiwa hata siku moja, lakini alijua nani alipakana na nani.

Jumatatu, akiwabadilishia Bimkubwa, aliyetaka kupakana na dadake, na kijana Adnani, umeme ulikatika. Uliporudi, Adnani alikuwa na viwanja viwili. Bimkubwa hana hata kimoja. Na Alhamisi kamati ingeitia orodha saini. Asiyekuwemo, kiwanja hana; aliyemo angeweza kubadilishana hata baadaye.

Jumatano wote wawili walikuja.

"Mwanangu, naambiwa simo."

"Umefutika, shangazi. Nitakurudisha."

"Mchu mzima hufutika vipi?" aliuliza Bimkubwa kwa lafudhi ya kisiwani.

Adnani alicheka. "Njoo upange kwangu, bibi. Mimi sasa ni mwenye mtaa."

"Mwenye mtaa! Na suruali moja!"

Sabah hakucheka. Kosa lilikuwa lake: kila badiliko alikuwa akiliandika peke yake, kana kwamba halina mwenzake. Alirudisha majina yalipokuwa kabla ya Jumatatu, kisha akayafunga mabadiliko yote mawili pamoja, kama ndoa: walii aozeshe na bwana harusi akubali katika kikao kimoja. Kikao kikivunjika kati, hakuna nusu ya mke. Binti yuko kwa babake. Na kompyuta nayo, mpaka iambiwe "thibitisha", isibadili kitu daftarini.

Akaanza. Jina la kwanza likahama. Kabla ya la pili, umeme ukakatika.

Wakangoja mpaka alasiri. Skrini ilipowaka, Bimkubwa alikuwa kwenye kiwanja chake cha zamani, Adnani kwenye chake.

"Hakuna kilichofanyika!" alisema Bimkubwa.

"Hakuna, shangazi. Wala hakuna kilichoharibika."

"Basi fanya tena."

Sabah alitazama saa. Karani wa kamati alikuwa mlangoni, anataka orodha ichapishwe sasa hivi, kabla umeme haujaondoka tena.

"Tutabadilisha Jumamosi. Leo uwemo kwanza."

Orodha ilipochapishwa, Bimkubwa alilitafuta jina lake. Kisha akatia dole gumba kwenye kiwanja asichokitaka, akatoka kwenda kumwambia dadake angoje.