Kambi Aliyochaguliwa Mama Pasi

Jina la Mama Pasi alilipata kazini. Ujana wake wote aliumalizia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa mashine ya kunyooshea mashuka, ambako mvuke ulikuwa mzito hata mgeni akiingia alitoka ameloa kama aliyenyeshewa. Alistaafu na vitu viwili: mikono isiyosikia moto, na kifua kibovu. Daktari alimwandikia dawa ya kuvuta kwa mdomo, akamwambia akae penye upepo na ajiepushe na nyumba yoyote yenye kuta zinazotoa jasho.

Mumewe alikuwa fundi wa bodi za mabasi. Alinunua basi dogo lililokwisha kutupwa gereji, akalikata, akalichomelea, akaweka kitanda, sinki, jiko la gesi na feni mbili. Kila aliyepita alimsimulia kwamba wakistaafu, yeye na mkewe watazunguka nchi nzima na kulala popote watakapopapenda. Basi likakaa uani hadi majani yakaota kwenye magurudumu. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kusogea hatua chache kulipisha gari la majitaka. Kisha fundi akafa kwa presha, akiwa amelala chini ya basi hilohilo na spana mkononi, na mkewe akadhani amesinzia, akamwachia chai ikapoa.

Walizaa watoto wawili. Wa kwanza mwanamume, karani wa bima, mtu wa sauti ya upole asiyepandisha hasira hata akikukanyaga. Wa pili binti, aliyeuza vipodozi na kulia upesi. Mwaka haukwisha tangu mazishi, karani alikwisha kuelewana na mjenzi kwamba nyumba ya wazazi ibomolewe, pasimame ghorofa. Ikabaki shida moja tu, nayo ni mama. Mke wa karani alisema jiko lake halina nafasi ya wanawake wawili. Binti akasema kwake kuna vyumba viwili na kimoja kimejaa bidhaa. Ndipo karani akakumbuka basi. Lina kitanda, lina jiko, akasema, watu wengine hawana hata hilo. Nchi imejaa kambi za watalii, ataegeshwa mahali pazuri, atakula hewa safi. Binti alilia kidogo, akafuta macho, akauliza ni nani atakayemwambia. Hakuna aliyetaka. Wakakubaliana wamwambie kwamba wanakwenda likizo ya wiki mbili.

Mama Pasi aliposikia likizo, na kwamba basi la marehemu ndilo litakalowabeba, alifurahi hadi akaona aibu kwa kufurahi. Alisugua basi ndani na nje. Alishona neti mpya za madirisha kwa ajili ya wajukuu wake wawili, watoto wa karani, wa kiume na mdogo wake wa kike. Asubuhi ya safari aliona mke wa karani na binti wanafuata nyuma na gari dogo, akauliza la nini. Karani akamjibu kwamba kambini kuna haja ya gari la kwendea sokoni. Jibu likamtosha.

Ule ulikuwa ukanda wa joto la fukuto, ambapo nguo ukianika asubuhi jioni bado ina ubichi kwenye mishono. Karani aliandika kambi tatu kwenye simu yake. Kila walipofika walimwuliza Mama Pasi anapaonaje, naye alishuka wa kwanza na kutembea huku na huko kama mtu anayenunua shamba.

Kambi ya kwanza ilikuwa ukingoni mwa bwawa. Palipendeza, watoto wakataka kubaki. Bibi yao akayatazama maji, akaona hayaendi popote, na viluwiluwi vya mbu vinacheza pembezoni. Akasema hapana, watoto wataliwa wakiwa hai.

Ya pili ilikuwa ndani ya msitu, chini ya miti iliyoshikana matawi hivi kwamba mchana pale ulikuwa kama magharibi. Ardhi ilididimia chini ya kiatu. Mabati ya choo yalikuwa ya kijani kwa ukungu, na kamba ya kuanikia ilikuwa na taulo ambalo mwenyewe alilikatia tamaa. Mama Pasi alianza kukohoa kabla hajafika mapokezi. Alimwambia mwanawe kwamba hapa kivuli ni kingi mno, hakuna upepo wala jua la kukausha, na yale matawi makavu juu yatamwangukia mtu siku moja. Karani alikuwa anazungumza na msimamizi wa kambi, mwanamke mnene mwenye buti za mpira, akimwuliza kama wana mlinzi, zahanati iko umbali gani, na kama wanapokea watu wa kukaa kwa mwaka. Msimamizi akasema wanapokea. Mama Pasi alisikia maswali hayo na moyoni akamsifu mwanawe kwa kuwa mwangalifu.

Ya tatu ndiyo aliyoipenda. Ilikuwa juu ya mteremko, nyasi fupi, maji ya mvua yakishuka yenyewe hadi mtaroni. Miti ilisimama upande wa magharibi tu, kwa hiyo kivuli kingewafikia alasiri, saa za joto kali. Kulikuwa na nguzo ya umeme kwa ajili ya feni, na mabafu hayakuwa mbali kwa watoto wadogo. Alisimama, akafungua kifua kwa upepo, akasema, "Hapa. Wajukuu zangu watalala vizuri hapa."

"Hapa hawachukui wa muda mrefu, mama," karani akasema.

"Wiki mbili ni muda mrefu?"

Karani akatazama simu yake. Akasema kwamba nafasi zimejaa, ingawa kiwanja kilikuwa kitupu hadi kwenye uzio. Wakapanda, wakageuza, wakarudi msituni.

Basi likaegeshwa kati ya miti miwili. Watoto wakakimbilia bembea. Mama Pasi akaanza kuwapangia pa kulala: wadogo kitandani pamoja naye, wakubwa kwenye mahema. Akauliza mahema yako wapi. Binti akasema yako nyuma ya gari dogo, na papo hapo akageuka pembeni. Mama Pasi akaenda mwenyewe kufungua buti la gari. Hakukuta hema. Alikuta begi lake la nguo za baridi, mfuko wa dawa zake za miezi kadhaa na, ikiwa imefungwa kwenye blanketi, picha ya marehemu iliyokuwa ukutani sebuleni.

Hakuna mtu anayebeba picha ya ukutani kwenda likizo.

Karani alikuja, akamshika bega na kumweleza yote kwa sauti yake ya upole: nyumba, mjenzi, jikoni kwa mkewe, bidhaa kwa mdogo wake. Alisema ni kwa muda tu. Alisema baba angefurahi kwamba basi limetumika. Mama Pasi hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja.

"Kwa nini mlinitembeza kote kule mkaniuliza ninapaonaje?"

"Tulitaka ujisikie umechagua," karani akasema.

Wajukuu waliitwa kutoka bembea. Waliambiwa bibi amependa kubaki kidogo. Wakampungia mikono kupitia kioo cha nyuma, wakicheka. Karani aliondoka na ufunguo wa basi, akisema usije ukaibiwa.

Unyevu ulianza na viatu. Wiki ya kwanza vikaota vinyweleo vyeupe. Kisha godoro, kisha mkate siku hiyohiyo uliponunuliwa. Mama Pasi alifuta kila asubuhi kuta za basi kwa siki, na kila asubuhi zilikuwa zimetoa jasho tena. Picha ya marehemu aliitundika juu ya jiko, ambako aliona pana ukavu. Ukungu ukaingia chini ya kioo, ukaanzia kwenye kola ya shati, ukapanda kidevu, na kabla ya mvua kubwa ulikuwa umekwisha kula mdomo na jicho moja. Aliifungua fremu ajaribu kuisafisha, na uso ukatoka na kitambaa.

Mwanzoni karani alipiga simu kila Jumapili. Baadaye akapiga akikumbuka. Binti alituma ujumbe wenye picha za maua. Mvua zilipoanza, kifua cha Mama Pasi kikabana hata msimamizi akamsikia akihema kutoka nje ya basi. Alimpeleka zahanati, akampigia simu mwanawe, akamwambia waziwazi kwamba mahali hapa panamwua mgonjwa kama huyu. Karani alishukuru sana kwa taarifa. Kisha akauliza kama humo humo kambini hakuna sehemu iliyo kavu zaidi.

Msimamizi alimrudishia Mama Pasi maneno hayo kama yalivyo, kwa sababu hakujua kuyapamba. Mgonjwa alikuwa amelala, mpira wa hewa puani. Aliyasikiliza, akafunga macho. Msimamizi alidhani amesinzia, lakini baadaye Mama Pasi alimwambia kwamba saa ile ndiyo aliyoacha kuwasubiri.

Alipopona alianza kuwahoji wasafiri. Kila gari au hema lililoingia, yeye alikwenda kusalimia, na baada ya salamu akauliza walikotoka kukoje. Hakuuliza kama panapendeza. Aliuliza upepo unatoka wapi mchana, maji yanakwenda wapi mvua ikinyesha, nguo inakauka saa ngapi, mbu wanaingia kwa wingi au la. Wengi walimjibu ovyo. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori aliyekuwa akisafiri na mkewe, ndiye aliyemjibu sawasawa. Alimweleza kambi iliyo juu ya ukingo wa mawe, mbali sana na pale, ambapo upepo haulali na udongo unakunywa maji papo hapo. Tena mwenye kambi analia hana mtu wa kufua mashuka ya wageni.

"Mashuka niachieni mimi," akasema Mama Pasi.

Kasoro ilikuwa ufunguo. Dereva akachungulia chini ya usukani, akasema basi lililotengenezwa na fundi halihitaji ufunguo, linahitaji nyaya mbili tu zikutane. Wakakubaliana kwamba akimaliza mapumziko yake atalihamisha, naye mkewe afuate nyuma na gari lao.

Katikati ya mpango huo, binti akaja. Alikuja peke yake, tumbo limetangulia, na keki mkononi. Alilia alipoona kuta, akalia alipoona fremu tupu. Alipomaliza kulia akasema siku za kujifungua zimekaribia, yaya wa siku hizi hawaaminiki, na bidhaa amekwisha kuzihamisha, kwa hiyo kuna chumba. Kaka yake pia amekubali. Mama arudi nyumbani.

"Nilipokuwa na mpira puani chumba kilikuwa na bidhaa?" mama akauliza.

Binti akatazama chini, akasema walidhani si kitu kikubwa.

Mama Pasi akamkatia keki yake mwenyewe, akamwekea mto mgongoni, akamsugua miguu iliyovimba. Akamwambia amefurahi, amwambie na kaka yake. "Njooni Jumamosi wote. Mje na wajukuu zangu. Nitakuwa nimejiandaa." Binti akamkumbatia kwa nguvu, akaondoka akiwa mwepesi wa moyo, na njia nzima alimpigia kaka yake simu kumweleza jinsi mama alivyo mwema, hana kinyongo hata kidogo.

Ijumaa asubuhi dereva alikutanisha nyaya. Basi lilikohoa moshi mweusi, likakubali. Msimamizi alisimama na buti zake, akauliza awaambie nini wakija. Mama Pasi akasema asiwaambie kitu.

"Hata watoto?"

"Hata watoto."

Mahali penyewe palikuwa kama dereva alivyosema. Basi likakauka. Kikohozi kikapungua, kisha kikabaki cha alfajiri tu. Mwenye kambi alimpa kibanda cha kufulia, na Mama Pasi akarudi kusimama mbele ya pasi kama zamani, safari hii dirisha likiwa wazi pande zote mbili.

Jumapili ile ya kwanza alimpigia msimamizi simu. Akaambiwa walikuja, wote, gari limepambwa kwa karatasi za rangi. Walikuta miti miwili na kati yake mstatili wa ardhi nyeupe isiyo na majani. Karani alizungukazunguka akiuliza kwa upole, baadaye si kwa upole. Binti alikaa chini kwenye matope na tumbo lake.

"Na watoto?"

"Mdogo alilia. Mkubwa aliingia vichakani, anatafuta. Alifikiri umejificha mcheze. Walipata kazi kumtoa."

Mama Pasi akashukuru, akasema shuka linaungua, akakata. Hakuna shuka lililokuwa linaungua.

Hakubadilisha mawazo. Namba za wanawe zilipotokea kwenye simu aliiacha iite mpaka ichoke. Alipopata habari kwa msimamizi kwamba binti amejifungua mtoto wa kike, alichukua shuka laini lililochakaa, akalikata nepi, akazikunja pindo, akazipiga pasi na kuzipanga kabatini kwa unadhifu wa hospitali. Zilikaa humo hadi mvua za mwaka uliofuata. Kisha akaanza kuzitoa mojamoja, akawa anafutia vioo vya basi.