Niliiongezea kompyuta ya dada yangu speed, ikawa inapona tu nikiifungua

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimeona vijana kwenye uzi mwingine wanaulizana kama ku-overclock prosesa, yaani kuilazimisha iende mbio kuliko ilivyoundwa, kuna hatari. Nimesoma majibu yote nikicheka peke yangu.

Hilo jambo nililifanya miaka ya tisini, soko la Kabati, Kitui, kwa kompyuta ambayo haikuwa yangu. Nitawaeleza vile ilikuwa na sitaongeza chumvi. Ilikuwa nayo ya kutosha.

Dada yangu mkubwa, Mwende, aliolewa upande huo kutoka kwetu Tawa. Alikuwa sekretari mjini, akaacha kazi na kufungua bureau ya kuchapa. Kompyuta moja, printer moja, chumba kimoja kati ya duka la mbegu na kinyozi. Watu walimwambia usoni kwamba angerudi kuajiriwa kabla ya mvua nyingine.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, digrii ya ualimu, Fizikia na Hesabu, nikingoja serikali inikumbuke. Nilikuwa naishi kwake. Kazi yangu pale dukani ilikuwa kulisha printer karatasi.

Ndipo walimu wakuu wa zone, yaani shule za eneo lile, wakaamua kumjaribu. Wakampa achape mitihani ya mock, yaani ya majaribio, ya darasa la nane, masomo yote, nakala moja moja ya kudurufiwa. Zamani walikuwa wanapeleka Kitui mjini.

Aliyeleta kazi alikuwa mwalimu mkuu mmoja mrefu, anayeongea polepole kama anasomea watoto imla.

"Mama," akasema, "Ijumaa mchana nakuja kuchukua. Nikipata iko tayari, kazi ya kila term ni yako. Nikikosa, tunarudi kwa wale wa town."

Mwende akasema sawa. Akangoja atoke, kisha akakaa chini.

Shida ilikuwa karatasi ya Hesabu. Ilijaa michoro: pembetatu, duara, tangi la maji limelala ubavu. Ukifungua ukurasa wenye michoro, ile kompyuta inafikiria mpaka chai inapoa.

Nikamwambia naweza kuiongezea speed bila kununua kitu.

"Na ikiharibika?"

"Haiwezi. Watengenezaji huwa wanaacha speed nyingine ndani. Ni kama wameificha."

"Wamemficha nani?"

"Watu kama wewe."

Akaniangalia. "Haya. Digrii ni yako, kompyuta ni yangu. Ukiiua, wewe ndio utaongea na mwalimu mkuu."

Kwa wale waliozaliwa juzi: siku hizo hukubonyeza menu. Ulifungua box kwa bisibisi, ukatafuta jumper, yaani vipande vidogo vya plastiki vinavyounganisha pini mbili mbili kwenye motherboard. Ukizihamisha, prosesa inabadilisha mwendo. Jedwali la kukuonyesha limechapwa pale pale kwenye motherboard, kama mwaliko.

Yetu ilikuwa 133 MHz. Nikaipeleka 166.

Ikakataa kuwaka. Screen nyeusi tii.

Mtu mwenye akili angerudisha. Mimi niliona kuna jumper nyingine za voltage, na hakuna aliyeandika hapo "usiguse". Nikapandisha kidogo.

Ikawaka. Ukurasa wa michoro ukafunguka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Niliitesa kutwa nzima, box ikiwa wazi, na haikukwama hata mara moja. Jioni Mwende alichinja kuku, na wakuu, mimi ndiye nilipewa firigisi.

Asubuhi nikafunga box, tukaanza kazi. Ikaganda.

Mshale hauendi, kibodi haijibu. Zima, washa. Inakuja vizuri, Mwende anachapa maswali kadhaa, inaganda tena na kupotea nayo.

Nikafungua box nichunguze. Nzima kabisa.

Nikafunga. Baada ya muda, imeganda. Nikafungua. Nzima. Ilikuwa kama mtoto mwenye homa ambaye mkifika tu dispensary anaanza kucheza.

Nilishuku stima. Nikashuku virusi. Nikashuku diski. Sikushuku kazi yangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeijaribu kutwa nzima na ikapita.

Mutua, yule kinyozi jirani, akaja mlangoni na brashi ya povu mkononi, amemwacha mteja wake kwa kioo.

"Hiyo machine inakuogopa," akaniambia. "Ikiona bisibisi inajifanya mzima."

"Haimwogopi," Mwende akasema. "Inamdharau."

Hiyo ilikuwa siku ya mwisho kwa Mwende kutania. Kufikia Alhamisi karatasi ya Hesabu ilikuwa imepotea mara nyingi mpaka akaacha hata kunilaumu. Akatuma mtu amwite pasta.

Msicheke. Nyinyi pia mmewahi kuombea vitu.

Pasta alikuja na akina mama wawili wa kanisa. Alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ndiyo ilinisaidia. Hakutaka kuombea kitu kikiwa kimefunikwa.

Hapa niwaeleze. Ile box ilikuwa na kitambaa. Mwaitu, yaani mama yetu, alikuwa amekishona kwa crochet, cheupe chenye maua, akakituma kutoka Tawa siku bureau ilipofunguliwa. Nyumba zetu mnazijua: redio ina kitambaa, TV ina kitambaa, kiti kina kitambaa. Kitu cha maana hakiachwi uchi. Hiki kilikuwa kikubwa, kinashuka mpaka nyuma karibu na sakafu. Nilikuwa nimekitazama kila siku mpaka nikaacha kukiona.

Pasta akakitoa, akampa mama mmoja ashike. Akaweka kiganja juu ya box, akaomba kwa Kikamba, maombi marefu yaliyopitia mvua, shule zote za zone na wasio na kazi, akanigusa bega hapo.

"Amina. Fungua sasa, mama."

Mwende akafungua ukurasa wa michoro. Ukafunguka. Akafungua mwingine. Ukafunguka.

Furaha ilikuwa kubwa. Chai ikaletwa. Yule mama akarudisha kitambaa, akakinyoosha vizuri kila upande kwa heshima.

Vikombe havijaisha, kompyuta ikaganda.

"Pasta," akasema mama wa pili, "hii ni ya kufunga na kuomba."

Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya meza natafuta waya. Nikaona kitambaa kinapepea polepole pale mgongoni mwa box, kinavimba na kurudi, kama kinapumua. Ni feni ilikuwa inasukuma hewa moto, kitambaa kinairudisha ndani.

Kila nilipofungua box, nilikuwa nakitoa kwanza.

Lakini tulieni kidogo, kwa sababu swali lenyewe ndilo hili: kitambaa kilikuwa pale tangu siku ya kwanza, na kompyuta haikuwahi kuganda. Mbona sasa?

Ile speed niliyosema imefichwa haikuwa imefichwa. Ilikuwa nafasi. Mtu aliyeiunda hakujua Kabati, lakini alijua kuna mahali penye jua la aina hiyo, vumbi la aina hiyo, na mwenye kuipenda sana mpaka anaifunika. Akaacha nafasi ya hayo yote. Mimi nikaila kwa mchana mmoja, kwa joto la ile speed na voltage niliyoongeza.

Na nilikuwa nimesomea joto chuo kikuu. Kuna mtihani wake nilipita.

Nikarudisha jumper zote kama zilivyokuwa, kitambaa kikakaa kando. Mnafikiri ilipona? Ile voltage ilikuwa imeshaumiza prosesa. Hata kwa 133 yake ya kuzaliwa iliganda. Ilikubali tu nilipoishusha 100, na hapo ilichapa maneno vizuri, lakini ukigusa program ya michoro, kwaheri.

Mwende hakupiga kelele. Alichapa Hesabu upya usiku na asubuhi, maswali matupu, akiacha nafasi nyeupe kila mahali palipohitaji mchoro. Akaniletea rula, bikari na kalamu nyeusi.

"Kaa hapo," akasema. "Chora."

Nilichora kila pembetatu. Lile tangi lililolala lilinitoa jasho.

Ijumaa mwalimu mkuu akaja, akavaa miwani, akapitia karatasi moja moja. Akasimama kwenye tangi. Akalileta karibu na macho.

"Mama, hii michoro ni safi. Wale wa town zao huwa na mistari imevunjika. Hii ni program gani?"

Mwende hakugeuka hata kuniangalia.

"Hiyo tulisomesha mpaka university, mwalimu."

"Nzuri sana. Term ijayo tumia hiyo hiyo."

Akapata kazi. Na mimi nikachora mitihani ya zone nzima, term baada ya term, mpaka serikali iliponikumbuka.

Kwa hivyo vijana, funzo langu ni fupi. Ukijaribu kwa kompyuta yako, jaribu ikiwa katika hali inayoishi kila siku, si box wazi mezani. Voltage usiiguse kwa sababu tu inaguswa. Na ukiona kitu kina nguvu kisizozitumia, uliza kwanza kimeziweka za nini.

Sasa nyinyi mniambie: kuna mwenye prosesa yake iliumia kwa voltage halafu ikapona? Miaka yote hii bado natamani kujua.