Mazishi ni Leo

Ukimtaja Mwalimu Pazi, kuanzia Bigwa hadi Mkuyuni, watu huuliza kwanza nani amefariki. Si kwamba wanamchukia. Tangu astaafu kufundisha, kazi yake ni kutangaza misiba mtandaoni, bure, kwenye ukurasa wenye wafuasi wengi kuliko kura za diwani. Huandika jina la marehemu, ukoo, mahali pa kuzikia, na mwisho: mazishi ni leo, saa nane. Tarehe haandiki. Ya nini, wakati kila mtu alikuwa akiliona tangazo kabla chai haijapoa?

Hiyo ilikuwa zamani, mtandao ulipokuwa bado unawabembeleza watu waingie. Walipojaa, wenye mtandao wakakumbuka faida. Matangazo ya Pazi yakaanza kusukumwa chini ya kamari na dawa za kupunguza tumbo. Kila akiandika, kitufe cha buluu kinamtaka alipie ili watu wengi zaidi waone.

"Nilipie maiti?" alimfokea mkewe, Saada, kana kwamba kitufe ni chake. "Msiba si sabuni!"

Hakulipa. Wala hakumwambia mtu kwamba wanaoona sasa ni wachache, maana aliona haya. Ukurasa ule ndio uliokuwa heshima yake iliyobaki.

Jumanne alfajiri, Jesca wa Mkuyuni akafia hospitali mjini. Pazi akaandika kama kawaida. Nyumbani kwa marehemu hakuna aliyehangaika kumpigia simu mjomba wake, Mzee Mikaeli wa Kihonda, aliyemlea tangu mchanga. "Mwalimu ameshaweka," walisema, wakaendelea kupanga viti. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto, na kumzika mpwa bila yeye ni aibu ya ukoo mzima. Wakamsubiri hadi saa kumi. Mvua ikashuka kutoka mlimani, kaburi likaanza kuingia maji. Waliamini mzee ameona na amegoma, na kumpigia mtu aliyegoma ni kumpigia magoti. Wakazika wakiwa wamenuna.

Pazi alikuwepo. Alijua huenda tangazo halikumfikia mzee, na alinyamaza.

Ijumaa asubuhi alirudi Mkuyuni kuwasaidia kufungua maturubai. Bodaboda ikasimama, akashuka Mzee Mikaeli amevaa koti lake la kanisani, kwapani kabana shuka jeupe jipya.

"Shikamoo, mzee," Pazi alisema.

"Marahaba, Mwalimu. Nimewahi?" Mzee aliangaza huku na huku akihema. "Mwili umeshafika kutoka hospitali?"

Wanawake waliokuwa wakisugua masufuria wakaacha. Mzee Mikaeli aliyatazama maturubai yaliyokunjwa, kisha akatoa simu yake na kumsogezea Pazi usoni, bila hasira yoyote.

"Imeniletea asubuhi hii, nikinywa chai. Si umeandika ni leo?"